Upande wa Pili wa Kanda

Wimbo wa mwisho katika kanda yangu ya kwanza una dakika nne na nusu. Baada yake kuna mwanamume anazungumza. Watu waliowahi kuwa na kanda ile, na baadhi bado wapo, huniuliza hadi leo yule mwanamume ni nani na alikuwa anasema nini. Wengine huniambia bila haya kwamba kile ndicho kipande walichokipenda kuliko nyimbo zangu zote tisa. Mimi nina hasira za karibu, na swali hilo niliwahi kulijibu vibaya mbele ya watu harusini, kwa hiyo nimejifunza kucheka na kuuliza habari za watoto.

Naandika sasa kwa sababu mwezi uliopita nilisikia maneno mawili hospitalini. Nitayafikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nauza katika duka la baba yangu mdogo pale Kariakoo, duka la jumla ambalo miaka ile lilikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Tuliuza tulichopata. Leo viberiti, kesho majembe, halafu wiki nzima hatuna kitu isipokuwa foleni ya watu waliosikia kwamba huenda sabuni ikaja. Baba mdogo alitoka Kilimanjaro kijana akiwa na Biblia na koti, na vyote viwili alikuwa bado anavitumia. Aliposikia nataka kurekodi kanda yangu mwenyewe yenye nyimbo za Kiswahili, za Kichaga, moja ya Kiingereza na moja ya Kimakonde, aliniangalia kwa muda akasema, "Unaimba kwa lugha nne na hujaolewa hata kwa moja." Wateja walicheka. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nilisema utaona.

Siku zile kuimba kwa lugha ya kwenu mjini halikuwa jambo la sifa. Nchi ilikuwa inajengwa kwa Kiswahili, na ukileta kikwenu ungeambiwa unarudisha ukabila. Mimi sikuwa na siasa yoyote. Nilipenda tu jinsi mdomo unavyobadilika ukitoka lugha moja kuingia nyingine. Nilikuwa na sikio ambalo mwalimu wangu wa kwaya alisema ni la kasuku, na nikalichukulia kuwa pongezi. Nikisikia kitu mara mbili naweza kukirudia chote, pumzi na kikohozi, bila kujua hata neno moja.

Nilipanga chumba Gerezani, kwenye nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na uani bomba lililotoa maji siku likijisikia. Katika chumba kilichotazamana na changu, ambacho kwa hesabu ya mwenye nyumba kilikuwa cha pili, alikaa mama mmoja wa Newala. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye chale za zamani usoni na sauti nzito kuliko za wanaume wengi wa pale. Kila asubuhi alitoka na sinia la mihogo ya kukaanga kwenda kuuza Buguruni, na alirudi alasiri. Mlango wake hakuufunga. Sisemi kufuli tu, hata komeo hakulitia, mchana wala usiku. Aliurudishia ukabaki na uwazi wa kupitisha mkono. Waliwahi kuingia wakamchukulia sufuria na mkeka, na mwenye nyumba akamgombeza kweli kweli. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, na jioni ile mlango ukawa vilevile.

Sababu tuliijua wote. Mwanawe wa pekee alikuwa askari. Alikwenda vitani Uganda na hakurudi. Ililetwa barua, na mjumbe wa nyumba kumi akamsomea uani mbele yetu. Alizikwa huko huko. Mama hakuona jeneza wala kaburi, na mtu ambaye hujamwona amekufa huwezi kumfungia mlango.

Alichokuwa nacho ni kanda. Kabla ya kikosi kuondoka, kijana yule alikaa kambini akamrekodia mama yake barua kwa mdomo, kama watu wengi walivyofanya wakati ule, maana mama hakujua kusoma na maneno mengine humpi mtu baki akusomee. Mwenzake aliileta. Lakini mama hakuwa na redio kaseti, mimi nilikuwa nayo, kwa hiyo kanda ilikaa kwangu, juu ya rafu, imefungwa kwenye kipande cha kanga.

Kila Jumapili nikitoka kanisani alikuja. Alikuwa ameshaoga, amevaa kanga safi, ananukia sabuni hata wiki ambazo mji mzima haukuwa na sabuni. Alikaa kwenye kigoda na mimi nabonyeza. Kijana alianza kwa kukohoa, halafu anamwamkia mama yake kwa Kimakonde, na mama anaiitikia redio. Alizungumza kwa nusu saa. Mama alitikisa kichwa, akacheka mahali palepale kila wiki, akamkemea mahali palepale. Mwishoni kijana alisema maneno machache kwa sauti iliyopanda kidogo, kama mtu anayetabasamu, kisha tap, upande umekwisha. Mama anasema, "Basi, mwanangu. Toa." Nami naitoa, naifunga kwenye kanga, naiweka.

Sikuwahi kuuliza kijana anasema nini. Niliona ni heshima kutouliza. Kumbe nusu yake ilikuwa uvivu.

Wimbo wa Kimakonde alinifundisha yeye. Ni wimbo wa kumbembeleza mtoto anayekataa kulala kwa kuwa baba yake hajarudi. Alinipa silabi kwa silabi tukiwa tunamenya mihogo uani, nami nikaandika kwenye daftari la shule. Nikikosea alinipiga begani na ganda la muhogo. Siku nilipouimba wote bila kukosea aliacha kisu akaniangalia. "Mwanangu, wewe una mdomo wa mwizi," alisema. Nilifurahi sana.

Sasa shida ya kurekodi ilikuwa kelele. Gerezani ilikuwa gereji na karakana mwanzo mwisho, watu wanagonga bati kuanzia alfajiri, na nyuma yao treni. Usiku nyumba ilikuwa na watoto wachanga wawili na mlevi mmoja. Saa pekee ya utulivu katika wiki nzima ilikuwa Ijumaa mchana. Adhana ikitoka, nyundo zinawekwa chini, mafundi wananawa, maduka yanafunga nusu, na kwa muda wa dakika arobaini unasikia hata njiwa juu ya bati. Mimi Mlutheri nilikuwa naisubiri sala ya Ijumaa kuliko muumini yeyote mtaani. Baba mdogo aliniruhusu nitoke, nakimbia mpaka chumbani, nafunga dirisha, naimba wimbo mmoja. Ijumaa moja, wimbo mmoja. Ukiharibika, subiri Ijumaa ijayo.

Gitaa langu lilikuwa na nyuzi tano za dukani, na wa sita ulikuwa waya wa breki ya baiskeli. Redio kaseti zilikuwa mbili, yangu na ya kuazima. Naimba kwenye ya kwanza, halafu naicheza kwa nguvu huku naimba sauti ya pili juu yake na redio ya pili inarekodi zote. Hivyo nilijitengenezea kwaya ya mtu mmoja. Umeme ukikatika natumia betri, na betri zilikuwa za kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo zilizochoka nilizianika juu ya bati zikapata jua, zikafufuka kwa nusu saa nyingine. Sikuwa na studio, sikuwa na bendi, sikuwa na mkubwa wa kunisemea. Nilikuwa na kiburi, na kwa kazi ile kilitosha.

Kanda mpya hazikuwepo kabisa. Ulichukua kanda ya zamani ukarekodi juu yake. Kila kanda ina vijino viwili vya plastiki mgongoni, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, redio inakataa kurekodi upande huo. Watu walivunja vijino kulinda walichokipenda, na watu kama mimi tulikunja karatasi ya pakiti ya sigara tukaziba tundu, redio ikadanganyika. Nilipita kwa kila niliyemjua nikiomba kanda zilizochoka. Nilirekodi juu ya mahubiri, juu ya masomo ya Kiingereza, juu ya harusi ya watu ambao walikuwa wameshaachana.

Ijumaa ya tisa ilikuwa zamu ya wimbo wa Kimakonde, wa mwisho. Kanda niliyoandaa ilikuwa ya kwaya. Niliiweka, nikabonyeza, redio ikaila. Utepe ulitoka kama utumbo, ukakatika nikiuvuta. Adhana ilikuwa imeshatoka. Nyundo zimenyamaza. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na mimi nimekaa sakafuni na utepe uliokatika mkononi, nikijua kwamba kesho yake, Jumamosi, fundi mmoja wa kurekodi anasubiri kazi yangu iliyokamilika, na asipoipata atampa mtu mwingine zamu.

Nikatazama rafu.

Nilijiambia barua iko upande wa kwanza tu. Miezi yote ile hatukuwahi kucheza upande wa pili, kwa hiyo ni mtupu. Nilifungua kanga, nikaigeuza, nikaicheza nisikilize. Nilihesabu mpaka thelathini. Kulikuwa na ule mvumo tu wa utepe usio na kitu. Nikarudisha mwanzo.

Kijino cha upande wa pili kilikuwa kimevunjwa.

Hapa ndipo ninapojikuta kila nikikosa usingizi. Mtu havunji kijino cha upande mtupu. Nilikuwa nimeziba matundu ya namna ile mara nane katika wiki nane, hakuna mtu Gerezani nzima aliyejua maana ya kijino kilichovunjwa kuliko mimi. Kidole changu kilikigusa na kikaelewa. Nikachukua karatasi ya sigara, nikaikunja mara nne, nikaziba.

Umeme haukuwepo. Niliimba kwa betri za kuanika. Niliimba mara moja tu, kwa gitaa na bila sauti ya pili, na sijawahi kuimba vizuri vile tena maishani. Nilipomaliza nikasikia nyundo ya kwanza ikigonga.

Nilipoisikiliza niligundua mambo mawili. Betri zilikuwa dhaifu, utepe ulikwenda polepole wakati wa kurekodi, kwa hiyo nikiicheza kwa umeme sauti yangu ilitoka nyembamba na ya haraka kidogo, kama ya mtoto. La pili, chini ya wimbo kulikuwa na mnong'ono. Nikasema ni majirani kupitia ukutani. Majirani gani, na wote walikuwa msikitini au kazini? Lakini nilisema hivyo, nikazima kabla ya kufika mbali.

Jumamosi nilimpelekea fundi wa kurekodi kanda zote tisa, na Jumapili asubuhi, alipokwisha kuzinakili, nikairudisha ile moja kwenye kanga yake. Mchana mama alikuja. Nikabonyeza upande wa kwanza. Akaiitikia redio, akacheka, akakemea. "Basi, mwanangu. Toa."

Fundi yule alikuwa na kibanda kando ya Mnazi Mmoja. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyimbo kwenye kanda moja na kuwarudufia wateja, ambao walikuja na kanda zao chakavu mkononi. Alikuwa na kanuni moja: kanda lazima ijae. Mteja akikuta mwishoni kuna utepe mtupu alirudi na ugomvi, maana miaka ile utupu tulikuwa nao wa kutosha majumbani. Kwa hiyo wimbo wangu wa tisa ulipokwisha, yeye hakusimamisha mashine. Aliiacha ikaendelea.

Jumatatu alinikalisha kwenye kiti chake, akanipa chai, akanichezea kazi yote mwanzo mwisho. Nilikuwa nasikia nyimbo zangu zikifuatana kwa mara ya kwanza. Zilikuwa nzuri. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu, zilikuwa nzuri. Wa tisa ukaisha. Kukawa na ukimya kidogo, kisha mwanamume akakohoa.

Kile kikohozi nilikijua kabla hakijaisha. Nilikuwa nimekisikia Jumapili zaidi ya arobaini.

Akazungumza, taratibu, kwa sauti ya chini kuliko ya upande wa kwanza. Hakuna mahali alipochekesha. Mwishoni alisema sentensi moja fupi, mlio ukakatika.

"Hapa umenimaliza, dada," fundi alisema. "Huyu mtu umemtoa wapi? Sielewi hata neno, lakini nywele zinanisimama."

Nilikuwa na nafasi. Alikuwa ameshawarudufia watu kumi na wawili tu, na wote aliwajua. Ningesema futa. Ningesema ni kosa langu, ni barua ya mtu. Badala yake nilinywa chai iliyokuwa ya moto mno, nikasema, "Ni sehemu ya wimbo."

Kanda ilipendwa. Sikuipeleka redioni, ilitembea yenyewe, kibanda kwa kibanda, kanda ya kanda ya kanda. Wapagazi wa sokoni walipiga mluzi wimbo wangu wa foleni. Mama mmoja wa Marangu alinishika mikono barabarani akalia kwa sababu ya wimbo wa Kichaga, akaniambia "haika, haika", asante ya kwetu, mpaka nikaona aibu. Baba mdogo aliicheza dukani kila siku, hata ule wa Kiingereza, ambao Kiingereza chake kilikuwa cha kidato cha pili na mapenzi yake pia. Nilikuwa na kila nilichokuwa nimekitaka.

Ila niliona kitu. Watu wa kusini walikuwa na namna yao ya kuisikiliza. Palikuwa na mpagazi mmoja mtu mzima pale sokoni. Wimbo wa tisa ukifika mwisho, alitua gunia lake, akavua kofia, akasimama mpaka yule kijana anamaliza. Siku moja alinifuata.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Dada, yule kijana alirudi?"

"Sijui, mzee."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate, na haki yake. Akabeba gunia lake akaondoka. Kuanzia siku ile nilizunguka mtaa mzima ili nisipite mbele yake.

Na Jumapili ziliendelea. Mama wa chumba cha pili alikuja, alikaa, nilibonyeza. Nilibonyeza vitufe vibaya na yeye akadhani nina homa, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Kila wiki nilisema nitamwambia wiki hii. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wangu nilimlea mwenyewe kwa miezi mitano.

Halafu siku moja ya katikati ya wiki alirudi mapema. Nilikuwa uani nafua, siku ile duka halikuwa na kitu. Aliingia bila sinia. Mikono yake ilikuwa bado na chumvi na pilipili, na masikio yake yote mawili yalikuwa na chumvi na pilipili. Nilipoona masikio nilijua.

Aliingia chumbani kwangu, nikamfuata, akakaa kwenye kigoda changu kama Jumapili.

"Nimemsikia mwanangu Buguruni," alisema.

Nilijifuta povu la kufulia mikononi.

"Kwenye kibanda cha kinyozi. Umeimba wimbo wangu, nikasimama. Nikawaambia watu, huyo ni mwanangu anaimba, nimemfundisha mimi. Ukamaliza, akaja yeye. Na kinyozi ni mtu wa kwetu. Kinyozi alikuwa anafuatisha maneno kwa mdomo. Anayajua yote. Nikaziba masikio, nikakimbia."

"Mama, nilidhani upande wa pili ni mtupu."

"Ulidhani?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka kijino. "Hapana," nikasema. "Sikutaka kujua."

Alitikisa kichwa kama mtu anayepokea bei aliyoitegemea. Kisha akanieleza, kwa sauti ileile ya kufundishia wimbo, kile ambacho kijana alikuwa anakisema kila Jumapili mwishoni mwa upande wa kwanza, pale sauti ilipopanda. Alikuwa anasema: mama, geuza, bado sijamaliza.

"Kwa hiyo sikugeuza," alisema. "Mtu akiwa bado ana maneno, nani atasema amekufa? Walileta barua, nikasema sawa, lakini mwanangu hajamaliza kuzungumza. Nilikuwa nauweka. Nitakapochoka, nitageuza, animalizie, na mimi nilale. Sasa mji wote umesikia. Kinyozi amesikia. Mimi peke yangu ndiye sijasikia."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Hukuuliza."

Nilimpigia magoti. Nililia kwa sauti mpaka wapangaji wakachungulia. Hakunipiga, hakunitukana, hakuniinua. Alisema tu, "Wimbo umeuimba vizuri," na sijawahi kuambiwa neno lililoniuma vile. Akafungua kanga mwenyewe, akachukua kanda yake, akavuka ukumbi. Mlango akaurudishia, ukabaki na ule uwazi wa mkono.

Nilikwenda kwa fundi kesho yake. Nilimwambia ukweli wote. Alisikitika kweli, akafuta ya kwake mbele yangu, lakini kurudufu si kazi yake peke yake, alishapoteza hesabu ya vibanda. "Maji yakishamwagika, dada," alisema, hakumalizia. Nilizunguka Kariakoo yote, Buguruni yote, nikiomba watu wanipe kanda yangu niwafutie mwisho wake. Wengine walikubali. Wengine walidhani nimechanganyikiwa: msanii gani anapita mitaani anafuta kazi yake? Kinyozi wa Buguruni alinipa ya kwake bila neno, na nilipomuuliza kama anakumbuka maneno aliniambia, "Ungekuwa wewe ungesahau?"

Haikusaidia. Mama hakuweza tena kutembea mjini. Kila kona yenye redio ilikuwa inaweza kummalizia mwanawe bila idhini yake. Aliacha mihogo. Alikaa chumbani, na siku upepo ukileta muziki kutoka mtaa wa pili aliimba kwa sauti yake nzito mpaka upite. Baada ya mwezi akauza kitanda, akaamua kurudi kwao, mahali ambapo, alisema, hakuna umeme wa kuchezea maiti.

Nilimbebea mzigo mpaka kwenye basi la kusini. Nilidhani hatasema nami kitu. Alipokwisha kukaa aliinamia dirishani.

"Wewe ulimsikia mpaka mwisho?"

"Nilimsikia, mama. Lakini sikuelewa."

"Na una lile sikio lako."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo unayo maneno yote yaliyobaki."

"Ninayo."

Alifikiri. Watu walikuwa wanapanda, kondakta anapiga bati. "Basi usijifunze," alisema. "Kimakonde usijifunze. Akae kwako hivyo hivyo, hajamaliza." Na basi likaondoka.

Hilo nimelitii. Nimetoa kanda nyingine baadaye, zote za Kiswahili. Ile sentensi ya mwisho ninayo kichwani, na zote zilizotangulia, na pumzi zake, na mahali aliposita. Huja zenyewe nikipika, nikipiga mswaki. Naweza kuzisema hapa sasa hivi bila kukosea. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, nami nimelinda kutojua kwangu kwa zaidi ya miaka arobaini kama wengine wanavyolinda nyumba. Nikiwasikia Wamakonde wanazungumza kwenye basi nashuka. Nilihama nyumba mara moja kwa sababu ya mpangaji mpya. Watu wamenidhania nina chuki na kabila lile, na sikuwa na la kuwaeleza.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya kupima sukari. Mbele yangu alikaa mwanamke kijana na mtoto wa kama miaka minne. Alipoanza kuongea naye nikaitambua lugha, nikashika fimbo niinuke, lakini magoti yangu siku hizi yana ratiba yao. Kabla sijasimama akamwambia yule mtoto maneno mawili. Mtoto akaenda, akausukuma mlango wa ukumbi kwa mikono yote miwili, ukafungika.

Maneno hayo mawili nayajua. Ndiyo yanayoanza sentensi ya mwisho.

Tangu siku hiyo najitetea. Labda yule kijana wa kwenye kanda hakuwa anamwambia mama yake. Labda pale kambini mwenzake aliingia na upepo, naye akamwambia afunge mlango kwa kuwa anamrekodia mama yake. Inawezekana. Lakini ninaikumbuka sauti. Ilikuwa ya chini na ya upole, na mtu hamwambii askari mwenzake hivyo.

Mama alishafariki huko Newala, niliambiwa na watu, sikuambiwa mwaka. Kanda alikwenda nayo, na kwao hakukuwa na redio. Sikuuliza alilala vipi siku zake za mwisho. Kwa jinsi nilivyomfahamu, mlango wake ulikuwa wazi.